Kidoa Kilichohama Shavu

Clermont-Ferrand, 12 Februari 1928

Mjomba wangu Anselme,

Pokea salamu za nyumba nzima, ambayo ni mimi, baba na yule kuku mmoja aliyebaki. Theluji ya huku haijaamua kama inaanguka au inaondoka. Baba mzima. Mafua yake ya kila mwaka yamekuja na yamekwenda, na kiwandani kwa Vaillard bado wamemweka kwenye kalibu za mvuke. Anaingiza tairi bichi, anatoa lililoiva, na jioni ananuka mpira hadi supu yangu inapata ladha yake. Anakusalimu sana.

Sasa kaa chini, mjomba. Naolewa.

Anaitwa Gaspard Vigouroux na kazi yake ni kubandika mabango. Najua utacheka, wewe unayachora na mpwa wako anaolewa na anayeyapaka gundi. Nilikutana naye akiwa juu ya ngazi, mbele ya dirisha la duka ninaloshonea. Ndoo ikamponyoka, gundi ikamwagikia gauni la mke wa daktari nililokuwa nimelibeba mkononi. Nilimtukana kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Alishuka, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, umemaliza? Maana kuna pua yako pia ina gundi." Basi ndiyo hivyo. Harusi ni Jumamosi ya tarehe 22 Septemba.

Nina ombi moja. Unajua desturi ya ukoo wa mama, bibi harusi asiye na mama humwekea mama picha mezani, na sahani yake, na glasi yake inamiminwa divai kama za wengine. Picha ya mama ni moja tu na iko kwako tangu mwaka aliofariki. Tafadhali nitumie. Nitairudisha ukitaka. Ninachohitaji ni kumwona siku hiyo.

Mpwa wako akupendaye,
Sidonie


Paris, 4 Machi 1928

Sidonie, binti yangu,

Barua yako imenikuta nina kikohozi na paka ana mimba, kwa hiyo furaha ya harusi imefika nyumba inayoihitaji. Hongera! Mwambie huyo Gaspard kwamba miaka thelathini nimekuwa nikijiuliza ni mshenzi gani anayebandika kazi zangu zikiwa zimepinda, sasa nimejua anakokaa.

Namshukuru baba yako kwa salamu. Nakushukuru zaidi wewe uliyezitunga. Shemeji yangu Amable hajanisalimu tangu 1919, na kama angeanza leo, asingeanza na neno "sana".

Huku karakanani tunachapa mpaka wino unatutoka puani. Nimechora sabuni, nimechora biskuti, na sasa bwana Pelloquin, mwenye karakana, amenikabidhi kazi gani unadhani? Bango la Vaillard! Ndiyo, tairi la baba yako. Wamenitumia moja kwa treni, limesimama chumbani kwangu na paka amehamia ndani yake. Mjomba wako alizoea kuchora midomo na mikono, sasa anachora duara jeusi lenye mistari. Maneno wameshayachagua: "VAILLARD. UTAFIKA." Na wanataka mwanamke. Bango lolote lazima liwe na mwanamke, hata la dawa ya panya.

Kuhusu picha, nitaitafuta. Nimehama mara tatu tangu vita na vitu vyangu vimo kwenye masanduku ambayo hata mimi yananitisha. Usiwe na wasiwasi.

Kula vizuri. Wasichana wanaoolewa husahau kula.

Mjomba wako,
Anselme


Clermont-Ferrand, 15 Aprili 1928

Mjomba mpendwa,

Natumaini kikohozi kimekuachia na watoto wa paka wamefika salama ndani ya tairi. Huku majirani wamechinja nguruwe, nasi tulisaidia, na kifurushi hiki kina soseji kavu mbili na kipande cha jibini. Lifungue jibini dirishani, limesafiri siku mbili na hasira zake unazijua. Gaspard anakusalimu, anasema mabango yako hayajapinda, ni kuta za Ufaransa ndizo zilizopinda.

Ulipata nafasi ya kufungua masanduku?

Sitaki kukusumbua, lakini acha nikuambie jambo ambalo sijamwambia hata Gaspard. Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Nakumbuka mikono yake ikinifunga viatu. Nakumbuka harufu ya wanga wa kupigia pasi. Nakumbuka alikuwa akiimba vibaya. Uso wake siukumbuki, mjomba. Nikifumba macho naona nywele, halafu kola ya gauni, na katikati hakuna kitu. Nimewahi kumuuliza baba alifananaje. Alisema, "Alifanana na mama yako," akatoka kwenda kumwagilia vitunguu. Ilikuwa Januari.

Nikimtajia picha, anasema tu, "Muulize aliyeichukua."

Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyeichukua.

Sidonie wako


Paris, 27 Mei 1928

Mpwa wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Soseji zimekwisha, jibini limeheshimiwa, paka wanne wamezaliwa na wawili wameshapata kwao. Kikohozi kipo lakini tumezoeana.

Tairi limekwisha pia. Wiki iliyopita nilifanya kazi siku nzima nikiwa nimevaa aproni mgongoni, na karakana nzima ikanizomea kuanzia mlangoni mpaka kwa wasaga mawe, wanaosugua mawe ya kuchapia ili yachorwe upya. Usiniulize kwa nini. Ni mambo ya ufundi wetu.

Umewahi kuniona nikiandika jina lako kinyumenyume kwenye vumbi la meza, ukiwa mdogo? Ulidhani ni uchawi. Ndiyo kazi yetu nzima. Kila tunachochora juu ya jiwe tunakigeuza, kushoto kuwa kulia, ili kikitoka kwenye karatasi kiwe sawa. Baada ya miaka thelathini, mkono hugeuza wenyewe bila kuulizwa. Hata barua hii naiandika kwa kujikaza isianzie kulia.

Nasikitika kuhusu Septemba. Karakana itakuwa na kazi nyingi na sioni kama Pelloquin atanipa ruhusa. Nitakutumia zawadi nzuri.

Akupendaye siku zote,
Anselme


Clermont-Ferrand, 1 Julai 1928

Mjomba,

Nimesoma barua yako mara tatu kutafuta neno "picha", sikuliona. Nikaigeuza karatasi nikaangalia kinyumenyume, maana ndivyo mnavyofanya huko. Halikuwepo.

Salamu hata hivyo. Joto limetukalia vibaya na kuku amekufa.

Sasa nisikilize. Jumanne Gaspard alikuja dukani mbio, na ngazi begani, karibu aivunje taa. Akafungua karatasi kubwa juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya hariri ya watu. "Wewe ulikwenda Paris lini?" akaniuliza. "Mbona hukuniambia kwamba umechorwa?"

Lilikuwa bango lako. Mwanamke mwenye kitambaa cha njano kichwani, amepitisha mkono ndani ya tairi kama anavyobeba mtu kikapu, anacheka, na jino moja la mbele limempanda jirani yake kidogo. Mjomba, hilo jino ninalo mimi. Fundi mwenzangu akaniambia, "Sidonie, mdogo wangu, huyu ni wewe baada ya miaka kumi, ila amelala vizuri."

Sikuweza kushona tena siku hiyo.

Gaspard alikuwa ameshabandika sitini mjini, na moja liko ukutani njia ya baba ya kutoka kiwandani. Sikumwambia kitu. Jioni nikaenda kumsubiri kona. Wenzake walipita wanachekeshana, "Amable, ona, bosi katupatia mke!" Baba akasimama. Kofia mkononi, mvua inaanza. Nilihesabu tramu tatu zikipita na yeye yuko pale pale. Nikamwendea.

"Baba, ni yeye?"

"Tairi amelichora sawasawa," akasema. "Hata mistari ameihesabu."

"Baba. Ni mama?"

Akavaa kofia. "Si yeye. Philomène alikuwa na kidoa shavu la kushoto. Huyu anacho kulia." Akaondoka bila kuningoja, na mimi ndiye niliyekuwa na mwavuli.

Kwa hiyo sikuulizi tena kuhusu masanduku. Nakuuliza huyu mwanamke ni nani. Baada ya wiki mbili Gaspard atalazimika kubandika bango la bia juu yake, ndiyo kazi, na ameshaniomba radhi kwa hilo mara mbili. Nimeficha moja. Nataka kujua nimeficha nini.

Na usiniambie mambo ya ufundi wenu.

Sidonie


Paris, 14 Julai 1928

Sidonie,

Barua hii nimeiandika mara nne. Nje watu wanacheza dansi barabarani kwa ajili ya sikukuu ya taifa, na paka amejificha kwa sababu ya fataki. Afya yangu nzuri. Nakuandikia hilo kwanza kwa kuwa sitaki unihurumie kwa sababu isiyo yake.

Picha haipo. Haijakuwepo tangu Novemba 1913.

Baada ya mazishi nilimwomba baba yako anipe, nimchoree mama yako picha kubwa ya ukutani. Yeye hakutaka kuitoa. Nilimbembeleza, nikamwambia, "Shemeji, wiki tatu tu." Nikaiweka kwenye meza yangu karakanani, kando ya jiwe, niichore. Chupa ya tindikali tunayooshea mawe ilikuwa karibu na kiwiko changu. Nilikuwa nalia, Sidonie, sikuona vizuri, nikanyoosha mkono kuchukua kitambaa. Ilichukua muda mfupi kuliko kusema "mama". Nilibaki na kipande cha kola ya gauni.

Nilikusudia kumwandikia baba yako kesho yake. Kisha wiki iliyofuata. Kisha vita ikaja, nikajiambia kwamba wote tutakufa na hakuna atakayeuliza. Hatukufa. Yeye aliuliza mara moja kwa barua, mwaka 1919, mistari miwili. Nilimjibu kwamba naitafuta. Amable si mjinga. Angeweza kunisamehe tindikali. Lile neno "naitafuta" ndilo lililomfunga mdomo, na mwaka huu nimekuandikia wewe neno hilo hilo.

Tangu hapo nimekuwa nikimchora dada yangu kwa kumbukumbu. Mwanamke wa sabuni alikuwa na paji lake la uso. Yule wa biskuti alikuwa na mkono wake. Nilikuwa naogopa nisipomchora ataniponyoka kama alivyokuponyoka wewe. Lakini sikuwahi kumpata mzima, mpaka barua yako ya Aprili ilipofika, ile ya viatu na wanga. Nilipoisoma nikamsikia akiimba vibaya. Nilikuwa nimemaliza tairi na kitambaa, uso tu ndio ulibaki. Nikashika kalamu ya grisi, akaja mwenyewe, jino, kidoa, kila kitu, asubuhi moja. Alikuwa ananitazama kutoka kwenye jiwe kama alivyonitazama siku ninaondoka kuja Paris.

Na nilikuwa nimemchora moja kwa moja. Sikumgeuza.

Makosa hayo hayafanywi hata na mwanagenzi wa wiki ya kwanza. Adhabu yake karakanani ni kuvaa aproni mgongoni mpaka jioni. Bango la kwanza lilipotoka, msimamizi akalilinganisha na mchoro uliokubaliwa. "Jamani, njooni muone! Mzee Anselme amesahau kushoto ni wapi!" Pelloquin alisema liachwe, kwamba ni afadhali, sasa uso wa mwanamke umeelekea tairi. Kwa hiyo nchi nzima imebandikwa dada yangu kama angechorwa na mtu asiyemjua. Kidoa kimehama shavu. Baba yako ameona sawa.

Juu ya jiwe tu ndiko alikokuwa sahihi. Na hapo ndipo nilipokosa tena. Wino ulipokuwa mbichi ningeweza kukandamiza bango moja juu ya karatasi nyingine, likatoka limegeuka, mama yako akawa mama yako. Ni kazi ya dakika moja. Ila ningelazimika kumweleza msimamizi kwa nini nataka bango ambalo halisomeki, na sikuwa na ujasiri wa kulitaja jina lake mbele ya watu waliokuwa wananicheka. Barua yako ya Julai ilipofika nilikimbia kwa wasaga mawe. Jiwe lilikuwa limeshasuguliwa kwa mchanga na maji tangu Jumatatu. Juu yake palikuwa panasubiri sanduku la biskuti.

Mwambie Amable ukitaka. Usipotaka, acha. Naelewa kwamba sasa hata ruhusa nikipewa, hakuna kiti changu kwenye hiyo meza.

Anselme


Clermont-Ferrand, 2 Septemba 1928

Mjomba,

Umekaa wiki saba bila jibu na najua umehesabu. Kwanza nilikasirika. Niliikunja barua yako nikaiweka chini ya mashine ya kushonea, nikawa nakanyaga mashine juu yake siku nzima. Nilikukasirikia kwa tindikali siku mbili tu. Kwa "nitaitafuta" nilikukasirikia hadi Agosti.

Halafu nikamsomea baba. Yote, pamoja na aproni. Alisikiliza akiwa anamenya viazi, na alipomaliza viazi akaendelea kumenya vilivyokwisha menywa. Alikwenda kwenye vitunguu vyake, na kwa siku kumi na moja tulizungumza juu ya chumvi na mlango tu.

Sasa sikiliza yaliyotokea jana.

Nimemshonea baba suti ya harusi, na jana nilimleta dukani kuipima, maana mabega yake hayalingani kwa sababu ya zile kalibu. Chumba cha kupimia kina kioo kirefu, cha kutoka sakafuni hadi dari. Lile bango nililoficha nilikuwa nimelitundika ukuta wa pili, kwa pini, kwa kuwa nyumbani nisingethubutu. Sikuwa nimepanga chochote, mjomba, nakuapia. Nilikuwa nimepiga magoti napandisha pindo la suruali, pini mdomoni. Namwambia, "Baba, simama wima."

Nikainua kichwa. Alikuwa anatazama kwenye kioo, lakini hakuwa anajitazama. Nyuma yake, ndani ya kioo, maandishi ya Vaillard yalikuwa yamegeuka hayasomeki hata kidogo. Na kando yake mwanamke wa kitambaa cha njano anacheka, kidoa shavu la kushoto.

"Huyo hapo," baba akasema.

Nikatema pini.

"Huyo hapo," akasema tena. "Alikuwa anacheka hivyo nikichelewa kurudi." Kisha akaketi kwenye kile kiti kidogo cha wateja, suti imejaa chaki, akalia kwa sauti mpaka mwenye duka akaja na glasi ya maji akidhani nimemchoma. Nilikaa sakafuni karibu na magoti yake tukamtazama pamoja. Sasa nina uso wa kuweka juu ya kola. Nikifumba macho upo. Nimejaribu mara nyingi tangu jana, hata sasa hivi katikati ya sentensi hii.

Usiku wa kuamkia leo nilikufikiria ukikaa miaka kumi na nne na kipande cha kola, na hasira niliyobaki nayo ikakosa pa kukaa.

Mwenye duka ametuazima kile kioo. Gaspard na wenzake watakibeba hadi ukumbini kama wanavyobeba ngazi zao, na ameshaonywa kuhusu gundi. Bango litatundikwa mkabala wake. Sahani ya mama tutaiweka mbele ya kioo, ili awe amekaa upande wetu. Wageni watauliza kwa nini kuna tangazo la tairi harusini. Waache waulize.

Kiti kilicho kando ya sahani yake ni chako. Mwambie Pelloquin unaumwa. Mwambie paka anaolewa. Mwambie unachotaka, mradi safari hii uje.

Baba anakusalimu. Zamu hii sijaitunga mimi. Nilipomwambia nafunga barua alininyang'anya kalamu, na haya yafuatayo ni ya mkono wake.

Mpwa wako,
Sidonie

Anselme,

Treni ya saa tano, Ijumaa tarehe 21. Nitakuwa kituoni. Aproni vaa upande wowote.

Amable